Kokoto Moja, Ngome Tatu

2 Juni 1997

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili na vidole vyote kumi vipo, maana tangu uanze kazi ya kukata vioo mimi na Mama hatuulizi habari nyingine. Huku hatujambo. Mafua yalitupitia mmoja mmoja, sasa yamehamia kwa majirani. Mama ni mzima. Anakula, anagomba, anadai chai haina sukari na huku ameshaiongeza mara mbili. Siku ukisikia amenyamaza, hapo ndipo uanze kuhofu.

Kazi ipo. Nina sare za shule za kumaliza, na juu yake nashona jezi. Jezi za nini? Keti kwanza. Ngome inakuja kucheza na Kokoto.

Ndiyo, Ngome yako hiyo hiyo. Uwanja wao unapandwa nyasi upya, kwa hiyo wamepiga kambi ya maandalizi ya msimu kwenye chuo cha ualimu hapa jirani, na wanatafuta mechi za kupasha misuli. Kocha wetu aliwaandikia kwa utani, wao wakajibu bila utani. Jumamosi tarehe 21, saa kumi jioni. Timu ya ligi kuu dhidi ya mafundi bomba na wapaka rangi wasio na ligi yoyote, kwenye uwanja wetu ule wa kokoto nyingi kuliko nyasi! Mtaa mzima umepata homa. Kinyozi ameazima kipaza sauti na anajizoeza kutangaza mpira huku ananyoa. Tayari kuna mzee mmoja ametoka kwake na plasta sikioni. Mimi mwenyewe kwa haraka nimeshona namba sita kichwa chini, kwa hiyo tuna namba tisa mbili na sita hatuna.

Njoo, tafadhali. Kuna jambo nataka tuzungumze uso kwa uso, si la kuandika. Si baya, usianze kupima presha.

Najua kinachokuzuia. Ni miaka sita sasa. Lakini ajali ni ajali. Wewe ulikuwa kipa, yeye mshambuliaji, mlikuwa mazoezini, ukateleza, mguu wake ukavunjika. Basi. Hapa hakuna anayekunyooshea kidole, hata Sumaku mwenyewe. Labda hukusikia: ndiye kocha wetu siku hizi. Mpira haumnati tena miguuni kama zamani, na anachechemea, lakini filimbi inapulizwa kwa mdomo.

Mama anakusalimu. Anasema kitanda chako bado kina miguu minne.

Dada yako


14 Juni 1997

Dada yangu,

Salamu zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Vidole ni kumi, kimoja kimefungwa kitambaa, usimwambie Mama. Nimefurahi kusikia anagomba. Huku ni kazi juu ya kazi. Tumepewa jengo la ghorofa sita, madirisha mia mbili na arobaini, na kila kioo kinapanda ngazi mgongoni kwa mtu kwa sababu lifti bado ni shimo tu. Msimamizi wetu ana tabia ya kusimama nyuma yako wakati unakata. Kioo kinasikia woga, Dada. Ukitetemeka kidogo tu, kinapasuka pale ambapo hukutaka.

Kwa hiyo tarehe 21 sitaweza. Nimeomba ruhusa, nimenyimwa.

Kuhusu Ngome, sikufichi, sina amani. Tumemwachia beki wetu wa kati aende, yule aliyekuwa akipiga kelele mpaka mashabiki tunarudi nyuma. Nafasi yake wamemleta mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Kocha ni mgeni, na kila akiulizwa swali redioni anajibu kwamba anahitaji muda. Muda! Ligi inaanza Agosti. Tukishindwa kuwafunga mafundi bomba hata mabao sita, mimi nitaanza kushabikia mchezo wa bao. Utaniandikia kila kitu: nani alicheza wapi, nani alikuwa na kitambi, nani alipewa namba isiyo yake. Usiniandikie kwa ushabiki, niandikie kwa macho.

Lile jambo lako liandike tu. Karatasi haina mdomo.

Mwambie Mama miguu ya kitanda nimeisikia.

Mdogo wako


24 Juni 1997

Mdogo wangu,

Hatujambo, isipokuwa sauti zimetukauka. Nilikuwa nimepania nisikuandikie kabisa, kwa sababu ulinyimwa ruhusa ambayo sina hakika kama uliiomba. Lakini nikisimulia kwa majirani kila mmoja anakatiza aongeze lake, na wewe angalau huwezi kunikatiza.

Kokoto moja, Ngome tatu. Sasa soma vizuri, nani alitangulia.

Walikuja na basi lenye mapazia. Kipa wao alishuka, akatazama uwanja, akamwuliza Kinyozi, "Uwanja wenyewe uko wapi?" Kinyozi akamjibu kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia, "Umeukanyaga, ndugu yangu, karibu sana!" Mashabiki wao walikuja na basi lao, kama themanini hivi, na ngoma mbili, wakapewa upande wa ukuta. Sisi tulijaa kila mahali palipobaki, wengine juu ya mabati.

Dakika kumi za kwanza hatukuugusa mpira. Tulikuwa kama watu waliokuja kutazama sherehe ya wengine. Halafu wenu wakaanza kuteleza. Yule beki wenu mpya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, sasa tumemwona: anaogopa mpira wa juu, anafumba macho. Fundi bomba wetu, anayecheza winga ya kulia, alimgundua kabla ya kocha wake. Dakika ya kumi na saba akapiga krosi ndefu, mpira ukagonga jiwe mbele ya beki wako, ukampanda begani, na mpaka rangi wetu mmoja akausukuma ndani kwa ugoko. Kwa ugoko! Kinyozi alipiga kelele mpaka betri ikaisha. Mimi nilimkumbatia mtu ambaye bado sijui ni nani.

Walisawazisha karibu na mapumziko, kona, kipa wetu akabaki amesimama kama mtu anayesubiri wageni. Kipindi cha pili wakabadilisha timu nzima, wote kumi na mmoja, kumbe nusu yao walikuwa wachezaji wa majaribio, hawana hata namba mgongoni. Hao ndio walituua, maana walikuwa na njaa. Fundi bomba akabanwa na misuli, wapaka rangi wakaishiwa pumzi, mabao mawili katika robo saa ya mwisho.

Lakini nikuambie kitu. Sisi tulioshindwa tuliondoka tukicheka. Mashabiki wenu walioshinda waliondoka kama watu waliotoka kwa daktari. Mzee mmoja wao mwenye skafu alisimama karibu na goli letu akisema peke yake, "Hawa ndio wa kutupeleka msimu mzima? Hawa?" Nilitaka kumpa kiti.

Mama alikuwepo, kwenye kiti cha plastiki karibu na kibendera cha kona. Hakuutazama mpira sana. Alikigeuza kiti akawa anawaangalia mashabiki wa Ngome, mmoja mmoja, kama anayechambua mchele. Sikumwuliza anatafuta nini. Na wewe usiniulize.

Lile jambo langu bado lipo. Bado si la kuandika.

Dada yako


6 Julai 1997

Dada yangu,

Asante kwa barua. Nimeisoma mara tatu, karakana yote imeisikia. Mimi sijambo. Kitambaa cha kidole kimetoka. Tumefika ghorofa ya nne.

Mwenzangu mmoja hapa, Ngome damu, alikuja huko na lile basi la mashabiki, na anayosimulia yanalingana na yako, ila yeye hacheki. Anasema tatizo si beki peke yake. Viungo wawili walikuwa wanapishana kama watu waliogombana nyumbani. Yule mshambuliaji mrefu aliyeingia kipindi cha pili alifunga, lakini kila alipopoteza mpira aliwatazama wenzake badala ya kuukimbiza. Na bao lenu, anasema, halikuwa la jiwe. Winga wenu aliinua kichwa kwanza, akaona. Pale pana mtu amefundishwa. Mpira wa namna ile haupigwi kwa bahati.

Kwa hiyo kocha wenu anajua kazi. Mwenzangu anasema alisimama dakika zote tisini bila kuketi, na mguu ule. Anaishi wapi siku hizi? Ameoa?

Nina usingizi wa mang'amung'amu siku hizi, silali wala siko macho, nadhani ni hii ligi. Watu wanasema mechi ya kirafiki haina maana, ni mazoezi tu, matokeo yanasahaulika. Sijui. Mazoezini ndipo mtu anapoonekana alivyo, kwa sababu anadhani haihesabiwi.

Mwangalie Mama. Asiwe anashuka ule mteremko wa uwanjani na fimbo ile, ncha yake haina mpira chini na kokoto zinateleza. Anaweza kuanguka.

Mdogo wako


15 Julai 1997

Mdogo wangu,

Salamu. Tu wazima.

Mama alianza kutembea na fimbo mwezi wa nne, baada ya goti kumvimba. Sikukuandikia. Nilikuficha kwa makusudi, usije ukapata hofu ukiwa juu ya ngazi na kioo mgongoni. Hakuna mtu mwingine wa huku anayekuandikia. Mwenzako wa karakana hamjui Mama. Kati ya wanawake wote waliokuwa uwanjani siku ile, angejuaje yupi ni mama yako, sembuse kutazama ncha ya fimbo yake?

Ulikuwepo.

Uliketi upande wa ukuta, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Halafu ukapanda basi na wale themanini ukaondoka.

Sijamwambia Mama. Niambie kwa nini. Usiniandikie habari za ghorofa.

Dada yako


2 Agosti 1997

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu sina, nisamehe.

Nilikuwepo. Nilivaa kofia na kuketi nyuma ya mpiga ngoma. Niliapa kwamba filimbi ya mwisho ikilia nitavuka uwanja nije kwenu. Nilimwona Mama akigeuza kiti. Macho yake yalinipita, yakarudi, yakanipita tena, na mimi nikainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Halafu nilikuona wewe. Ilikuwa mapumziko. Ulimpelekea Sumaku chupa ya maji, akanywa, ukamwekea sawa kola ya shati, na hakuna kati yenu aliyeona kwamba ni jambo la ajabu. Ndipo nikajua jambo lako lisiloandikika ni lipi. Nikajua pia kwamba siwezi tena kunyamaza, na palepale miguu ikakataa kuvuka.

Kwa hiyo sikiliza kabla hujampa jibu, kama hujampa.

Sikuteleza.

Unakumbuka wiki ile Ngome walikuwa wanamtuma mtu kuja kututazama. Mtaa mzima ulisema wanatafuta kipa, nami nikaamini, nikaanza hata kujizoeza kutia sahihi. Alhamisi, kabla ya mazoezi, nikasikia kwamba hawataki kipa. Wanamtaka Sumaku. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa furaha, ameniwekea mkono begani, kwa sababu nilikuwa rafiki yake na alitaka niwe wa kwanza kujua.

Nusu saa baadaye mpira mrefu ukaja. Aliuwahi, akaugusa pembeni, ukawa umeshanipita. Mpira haukuwepo tena, Dada. Palikuwa na mguu tu. Ningeweza kuukunja wangu. Nilikuwa na muda, mfupi kama kupepesa macho, lakini ulikuwepo, na katika muda huo nilijua ninachofanya. Sauti ile naisikia kila kioo kinapovunjika, na mimi nafanya kazi ya vioo.

Kisha nikasema nimeteleza. Na mkaamini wote. Mlinipa pole! Mama aliapa mbele ya watu kwamba mwanawe hawezi kumdhuru nzi. Yeye Sumaku, yuko kwenye machela, alinishika mkono akaniambia nisijilaumu. Kama mngenilaumu ningekaa. Ni hizo pole zenu zilizonifukuza.

Sasa unajua. Mwambie au usimwambie, ni juu yako. Nakutwisha mzigo ambao si wako, najua. Lakini sikuweza kukuacha uingie nyumba ya mtu bila kujua nani aliuvunja mlango wake.

Mdogo wako


25 Agosti 1997

Dada yangu,

Wiki tatu. Karani wa posta amenichoka. Akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Ligi imeanza. Ngome wamefungwa mbili kwa bila, na beki yule alifumba macho. Sikuumia hata kidogo. Ndipo nikajua nina hali gani.

Kama umekasirika, niandikie matusi. Kama Mama anaumwa, niandikie hilo. Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako


9 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Mama haumwi. Goti linapungua. Mimi nipo.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilichokianza kilikuwa tusi au kilio, na karatasi nazinunua. Barua yako ilikaa siku kumi na moja kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nilikuwa nikishona na goti langu linaigusa. Mwezi wa tano Sumaku alileta posa. Nilimwambia asubiri mpaka wewe uje, kwa kuwa Baba hayupo na sikutaka kuolewa kama mtu asiye na ndugu. Yeye akasema, "Namsubiri kwa furaha, huyo ni rafiki yangu." Hayo ndiyo nilikuwa nayo kichwani siku zote kumi na moja. Nilifikiri kuichoma. Nisikufiche, kiberiti nilikishika.

Siku ya kumi na mbili alikuja adhuhuri kuchukua jezi nilizorekebisha. Nikafunga mlango wa duka, nikamsomea yote, pamoja na ile kola. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa kuukunja mguu." Nikarudia. Alikuwa ameshika futi yangu ya kupimia, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Mwishowe akaiweka mezani, taratibu, akauliza, "Umekaa nayo tangu lini?" Nikamwambia. Akaondoka bila jezi.

Wiki nzima hakutokea uwanjani. Kinyozi alijaribu kuongoza mazoezi kwa kipaza sauti, wachezaji wawili wakagongana. Watu wakaanza kuniuliza mimi. Nilisema ana mafua. Kumbe uongo ni mwepesi hivyo! Nilikufikiria sana nilipousema.

Alirudi Jumapili. Alikaa kwenye kile kigoda cha wateja, akaongea akiangalia sakafu. Nakuandikia kama alivyosema:

"Mguu nilishauzoea. Lakini miaka sita nimelala nikiirudia ile hatua. Nilijiambia nilichelewa kuuachia mpira. Nilijiona mzembe. Kila mshambuliaji ninayemfundisha namwambia, achia mapema, usiwe kama mimi. Kumbe sikuchelewa. Niliuachia kwa wakati wake. Alinichukulia na hilo."

Kisha akalia, na sijawahi kumwona akilia hata alipokuwa amefungwa plasta hadi kiunoni. Na mimi pia alinikasirikia kwa zile siku kumi na moja, na alikuwa na haki, nikamwambia hivyo.

Nilimwuliza kama posa bado ipo. Akasema, "Nilikuposa wewe, sikumposa kipa." Lakini hakucheka.

Mama nilimwambia jana. Alinyamaza, na wewe unajua Mama akinyamaza. Halafu akasema alikuona siku ile ya mechi. Alijua ni wewe kwa ulivyoinama. "Nilimwacha," akasema, "kwa sababu mtu akijificha asionwe na mamaye, ukimwita atakimbia." Nikamwuliza: na hili lingine? Akasema atakwambia mwenyewe, ukiwa mbele yake, na kwamba uje umekula.

Sumaku anasema uje Jumamosi tarehe 27, saa tisa, uwanjani. Hakusema zaidi. Sijui anataka nini. Nikikwambia siogopi nitakuwa nimeongeza uongo wa pili.

Njoo hivyo hivyo.

Dada yako


5 Oktoba 1997

Dada yangu mpendwa,

Nimefika salama, basi liliharibika mara moja tu. Msimamizi alininunia, akaacha. Mwambie Mama nimeshamaliza kile alichonifungia, na yale aliyoniambia chumbani kwake nayatafuna bado, polepole. Alisema kila neno alilokuwa na haki ya kusema. Halafu akaniuliza kama nimevaa fulana ya ndani, upepo wa njiani si mzuri.

Uliponisindikiza kituoni hukuuliza tulizungumza nini uwanjani, lakini macho yako yaliuliza mpaka basi likakata kona. Nimeshindwa kusema kwa mdomo. Acha niandike.

Nilidhani nitamkuta peke yake. Nilimkuta na timu nzima, wameketi chini, na Kinyozi amesimama nyuma yao bila kipaza sauti. Sumaku hakunipa mkono. Aliwaambia, "Huyu alikuwa kipa wa hapa kabla yenu. Ana neno." Akakaa chini pamoja nao, ule mguu ameunyosha mbele yake.

Dada, mimi nimebeba kioo cha dirisha kubwa kwenye ngazi isiyo na ukingo, ghorofa ya sita, upepo unavuma. Sikuwahi kutetemeka vile. Nikasema. Nilisema yote, kuanzia mkono wake begani mwangu hadi pole za kwenye machela. Sikusema nilikuwa kijana, sikusema nilipitiwa na shetani. Nilipomaliza fundi bomba alikuwa akinitazama kama anayetafuta bomba limepasukia wapi.

Halafu yule kipa wenu wa sasa, aliyebaki amesimama kwenye ile kona, akainua mkono kama yuko darasani. Akaniuliza, "Lakini mpira ukija kwa kasi vile, kipa unajuaje kama bado unaufuata mpira au unamfuata mtu?"

Nikamwambia, "Unajua. Kila mara unajua."

Sumaku akainuka, akajifuta vumbi, akapuliza filimbi. Wakaanza kukimbia. Tukabaki wawili pembeni, muda mrefu, tukiwaangalia. Mengine aliyoniambia pale ni yangu na yake, na yeye akitaka kukwambia atakwambia. Hajanisamehe, alilisema hilo wazi, wala sikumwomba. Alisema hataki harusi ambayo bibi harusi anatazama mlangoni kama nduguye atatokea, kwa hiyo nitatokea. Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Ruhusa nimeshaiomba, na safari hii nimeiomba kweli.

Tulipokuwa tunaachana nilimwuliza nimwiteje sasa. Zamani nilikuwa namwita kwa jina la utani, siwezi tena. Nikasema, "Nikuite shemeji?"

Mpira ulitoka nje, akaurudisha kwa mguu ule mzima, ndipo akanijibu.

"Kwa sasa niite kocha."

Basi msalimie Mama, na mfikishie kocha salamu zangu.

Mdogo wako